Bata Mzinga Asiyekwisha

Mimi Zedekiah Were nimewapikia Wazungu miaka kumi na mmoja, na jambo moja nalijua vizuri: Mzungu haogopi simba, haogopi homa, anaogopa kutupa mabaki. Mwishowe atayatupa tu. Lakini kwanza atayazungusha mezani siku tano, kila siku ameyapa jina jipya, na mpishi ndiye atakayetoka jasho kuyatafutia sura.

Wakati ule nilikuwa kwa Bwana Tunstall, Westlands, nyumba ya mawe yenye bustani kubwa mbele. Bwana alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali mjini. Alikuwa mtu mpole aliyesema kidogo na kukohoa sana. Mkewe sisi wa jikoni tulimwita Memsahib Funguo, kwa sababu alitembea na kitita cha funguo kiunoni: ya stoo, ya sukari, ya majani ya chai, ya kabati la vinywaji, na nyingine ambazo hata yeye hakujua ni za nini. Chupa ya sheri aliipiga mstari kwa penseli kila jioni. Sikumchukia. Niliwahi kuugua akaniletea dawa mpaka chumbani kwangu. Lakini alikuwa mtu wa kukutazama mikono kabla hajakutazama uso, na jambo hilo liliniuma kila siku kwa miaka yote niliyokuwa pale.

Jikoni tulikuwa wawili, mimi na Odero, aliyehudumu mezani kwa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu. Zamani tulikuwa watatu. Kihara wa Kabiria ndiye aliyetunza bustani, mpaka mwaka uliotangulia askari walipokuja na malori kukusanya Wakikuyu, naye akapandishwa akiwa bado ameshika mkasi wa maua. Memsahib alisikitika sana. Alisema mkasi ule ulikuwa mzuri, umetoka Uingereza.

Krismasi ya mwaka wa hamsini na tano iliangukia Jumapili. Memsahib alikuwa amealika watu kumi na wawili, akaagiza bata mzinga kutoka shamba moja la Limuru. Aliletwa ndege wa ratili ishirini na nne. Oveni ilikataa kufunga mlango, ikabidi nimkunje miguu na kumfunga kamba. Jumamosi jioni familia mbili za jirani zikaleta habari kwamba watoto wao wameshikwa na matubwitubwi, kwa hiyo watu wanane hawakuja. Wanne waliokuja walikula, wakasifu, wakavaa kofia zao za karatasi, wakaenda kusinzia barazani. Juu ya sahani alibaki bata mzinga ambaye, ukimtazama kwa upande wa dirishani, ungeapa hajaguswa.

Sasa lazima niwaeleze habari ya firigisi, maana bila hiyo hakuna hadithi. Kwetu Butere tunaiita imondo. Kuku akichinjwa, mapaja yana wenyewe, mabawa yana wenyewe, shingo ina mwenyewe, lakini imondo ni ya mtu mmoja tu, yule anayeheshimiwa kuliko wote pale mezani: mwenye mji, au mgeni mkubwa. Mgeni akila kuku asiione imondo anajua amedharauliwa, na anaweza kuondoka bila kuaga. Mwanamke haonji. Mke wangu Peres amepika imondo miaka ishirini na mitatu, na sijui kama anajua ladha yake.

Asubuhi ya Krismasi Memsahib aliniambia nimchemshie mbwa utumbo na firigisi ya yule ndege. Utumbo nilimpa mbwa. Firigisi mkono wangu ulikataa. Ilikuwa kubwa, imejaa kiganja changu, na mimi nimelelewa na watu. Kuila mwenyewe nisingeweza, kwa kuwa mwenye mji hakuwa mimi. Kumpa Bwana nisingeweza, kwa kuwa Bwana akiona kitu kilichotoka tumboni hugeuza uso. Basi niliichemsha polepole na kitunguu, nikaizika ndani ya mafuta ya nguruwe katika mkebe, nikauficha nyuma ya friji. Ikakaa humo, heshima isiyo na mwenyewe.

Imondo nyingine ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi, ile ya kwetu nyumbani. Binti yangu Lornah alikuwa anaolewa Jumamosi ya tarehe thelathini na moja, katika kanisa la Butere. Likizo yangu ilikubaliwa tangu mwezi wa nane. Nilihitaji kupanda gari la moshi la Alhamisi jioni kwenda Kisumu, na Ijumaa nichukue lile la Butere. Nilihitaji pia karatasi iliyotiwa sahihi na Memsahib, kwa kuwa siku zile za Hali ya Hatari ungeweza kuulizwa karatasi hata ukienda msalani.

Dada yake mkubwa, Phoebe, aliolewa miaka miwili kabla, na mimi sikufika. Siku ile nilikuwa Westlands nikikaanga vipande vya samaki kwa mabibi wanne waliokuja kucheza karata. Ndugu yangu Hezekiah, mdogo wangu kwa kuzaliwa na mkubwa wangu kwa mdomo, ndiye aliyesimama mahali pangu kanisani. Ndiye aliyekaa kiti cha baba na kuletewa imondo. Mpaka leo akikutana na mtu njiani humsimulia ilivyokuwa laini. Lornah alipoandika barua kuniarifu siku yake, mwishoni aliongeza mstari mmoja: Baba, kiti chako usimwachie tena baba mdogo. Nilibeba barua ile katika mfuko wa aproni mpaka ikaanza kunuka siagi.

Basi Jumatatu asubuhi nilimkumbusha Memsahib kuhusu likizo. Alikuwa amesimama mbele ya friji akimtazama bata mzinga. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokatwa gazetini, maana katika klabu ya mabibi walikuwa wamefundishwa kwamba mama mwema hufanya ndege mmoja alishe nyumba wiki nzima, na kila mmoja alitakiwa aje mwezi wa kwanza aeleze yeye alifika siku ya ngapi. Aliisoma, akaibandika ukutani juu ya sinki, kisha akaniambia kwa kile Kiswahili chake:

"Zedekiah, kwanza wewe maliza hii ndege. Hapana maliza ndege, hapana likizo. Ndege kwisha, wewe enda nyumbani."

Nikasema ndiyo, Memsahib, na moyoni nikacheka. Ndege gani atakayenishinda mimi? Nilidhani nikimpika vizuri sana ataliwa haraka. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na nilifanya kosa la mpishi anayejipenda. Nilisahau kwamba pale nyumbani chakula kilipokuwa kibaya Memsahib alikigawa kwa ukarimu, na kilipokuwa kitamu alikikata vipande vidogo ili kifike kesho.

Jumatatu mchana nilitengeneza sandwichi za nyama baridi na haradali. Bwana alikula mbili, akakohoa, akasema nzuri. Memsahib akafurahi, akafunga nyama iliyobaki kwa kitambaa chenye maji. Jioni nilitengeneza kari. Kwa kari ile nilikwenda kwa miguu mpaka duka la Mhindi mmoja Parklands kutafuta bizari, kisha Memsahib akaja akatia zabibu kavu, ndizi mbivu na kijiko cha jamu. Yule Mhindi angeiona angefunga duka. Lakini chini ya jamu nyama ilikuwa laini na yenye ladha, na Memsahib akaniambia kumbe ratili moja tu imetosha watu wawili na bado kuna ya kesho.

Nilijua kuwa ni ratili moja kwa sababu alikuwa anampima. Kila asubuhi na kila jioni aliweka bata mzinga kwenye mizani ya jikoni, kama mtoto kliniki, akaandika kwenye ile karatasi ya ukutani. Tofauti ni kwamba mama akienda kliniki huomba mtoto aongezeke, na mimi nilikuwa nikisimama pembeni nikiomba apungue. Jumanne asubuhi alikuwa na ratili tisa. Nikatengeneza pai. Jumanne jioni alikuwa na saba na nusu. Jumatano nikamsaga, nikamviringisha vidonge, nikavipaka mayai na unga wa mkate, nikavikaanga. Bwana alikuwa ameanza kuitazama sahani kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Siku hiyo aliomba yai la kuchemsha. Memsahib alimwambia asiwe mbinafsi.

Odero alikuwa akifurahia mateso yangu kupita kiasi. Yeye ni mtu wa ziwani, na kwake ndege si chakula bali ni kelele. Alisema hajawahi kuona Mluhya akishindwa na kuku, akaahidi atakwenda kuwasimulia Waluhya wote wa mtaa wa Kaloleni. Lakini Jumatano jioni, alipoona nimekaa juu ya debe na barua ya Lornah mkononi, aliacha mzaha.

"Mzee Zedekiah, wacha mlango ya friji wazi," akasema. "Mbwa atafanya kazi yake. Hiyo si kosa ya mtu."

Sitawaficha, niliwaza. Lakini Memsahib angepima, angekosa ratili tano, na asingemtazama mbwa. Angeitazama mikono yangu. Siku ambayo ningeondoka pale angeandika katika barua yangu ya kazi neno moja tu, mwizi, na kwa neno hilo hakuna jikoni la Nairobi ambalo lingenifungulia tena. Nikamwambia Odero afunge friji akalale.

Alhamisi asubuhi Memsahib alikuja jikoni akiwa amevaa shanga. Bwana alikuwa amepata habari kwamba mkubwa wake wa ofisini, Bwana Haddow, atakuja kula chakula cha mchana, na kwamba kuna cheo kimeachwa wazi na mzee aliyestaafu kurudi kwao. Nikadhani, ashukuriwe Mungu, leo watanunua nyama ya ng'ombe, na huyu ndege apewe mbwa kwa heshima zote. Memsahib akanionyesha karatasi ya ukutani. Siku ya tano: vipande vya kuku katika mchuzi mweupe, mtindo wa Kifaransa.

Nikamuuliza kuku yuko wapi. Akafungua friji akanionyesha bata mzinga, ambaye sasa alikuwa mbavu, mgongo, paja moja na nyama kidogo ya bega.

"Leo yeye kuku," akasema. "Wewe sema Bwana Mkubwa, kuku ya leo, mimi nachinja asubuhi."

Kisha akaniambia mengine, taratibu, kama mtu anayepanga maua. Mchana tungetumia lile bega tu. Paja lingekuwa pai ya Jumamosi. Mifupa ningeichemsha Ijumaa iwe supu, na supu hiyo ingewafikisha Jumapili. Likizo yangu ingeanza Jumatatu ya tarehe mbili. Nikamwambia harusi ni Jumamosi. Akasema pole, akasema Waafrika tuna bahati kwa kuwa familia zetu ni kubwa, hapakosi mtu wa kusimama.

Nisijisifu kwamba hapo nilifanya mpango. Sikuwa na mpango, nilikuwa na hasira.  Mtu ananikosesha harusi ya binti wa pili, halafu ananituma nikamdanganye mgeni kwamba kiporo cha siku nne ni kuku aliyechinjwa kwa ajili yake. Nikawaza kwamba kama mgeni huyu atadanganywa katika jiko langu, basi angalau apate kitu kimoja cha haki. Nikautoa ule mkebe nyuma ya friji. Nikaikaanga imondo nzima kwa siagi na pilipili manga mpaka ikang'aa, nikaiweka juu ya sahani kubwa, katikati ya mchuzi mweupe, upande ambao Odero angemwelekezea mgeni kwanza. Odero alipoiona alirudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, hii wataniuliza mimi," akasema.

Nikamwambia wakimuuliza aseme ni mpishi. Akaenda na sahani.

Kati ya jikoni na chumba cha kulia palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Nilikiacha wazi kidogo nikaweka jicho. Bwana Haddow alikuwa mtu mnene mwenye masharubu meupe, na kabla sahani haijamfikia alikuwa amekwisha kuwaeleza tabia za Wakamba, Wamasai na Wasomali, kila kabila sentensi mbili. Memsahib na Bwana hawakujua kwamba nasikia Kiingereza. Katika miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kuniuliza.

Odero akainamisha sahani. Bwana Haddow akanyoosha kijiko, akakisimamisha hewani. Memsahib akaiona imondo. Rangi ikampanda kutoka kwenye shanga mpaka kwenye nywele, akafungua mdomo amwambie Odero aondoe kile kitu. Bwana Haddow akainua mkono kumnyamazisha.

Alisema neno imondo. Alilitamka vibaya, lakini alilisema. Akawaeleza kwamba kabla ya vita alikuwa ofisa mdogo Kakamega miezi saba, na katika miezi hiyo aliufahamu moyo wa watu wa kule mpaka ndani. Akasema mpishi wao bila shaka ni mtu wa kule, na bila shaka amemkumbuka, kwa kuwa watu wale hawamsahau aliyewatendea haki. Mimi nilikuwa sijamwona mtu yule tangu nizaliwe. Kisha akaiinua imondo kwa uma, akaigeuza kwenye mwanga, akacheka. Akamwambia Memsahib kwamba hii si ya kuku. Hii ni ya bata mzinga. Amechinjiwa bata mzinga mzima siku ya Alhamisi, na mwenyeji wake kwa unyenyekevu amemwita kuku. Hajawahi kuheshimiwa namna hiyo tangu aingie Kenya.

Memsahib alimtazama Bwana. Bwana aliitazama meza. Kulikuwa na njia mbili tu, kukiri kwamba mkubwa wa ofisi analishwa makombo ya Krismasi, au kukubali. Memsahib akasema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, amechinjwa asubuhi.

Bwana Haddow akala imondo yote. Alikula akifumba macho, mafuta yakishuka kwenye masharubu, na lazima niseme nilimheshimu kwa hilo. Alipomaliza akasema kwamba bado kuna sehemu ya pili ya mila hii, na kwamba wageni wengi kutoka Ulaya hawaijui. Aliyepewa imondo, alisema, amepewa ndege mzima. Kinachobaki hufungwa akaenda nacho kwake, na mwenyeji akikizuia analeta laana juu ya nyumba.

Mimi nyuma ya kidirisha nilishika mdomo. Hakuna mila kama hiyo. Sijui aliitoa wapi, labda kuna mzee wa Kakamega aliyechoka kumtazama akila akamwambia achukue na mengine aende. Kwetu ni kinyume kabisa: anayekula imondo hapati zaidi ya hapo, kwa kuwa paja lina mwenyewe, na mgongo una mwenyewe, na watoto wanangoja. Memsahib, ambaye aliiona pai yake ya Jumamosi ikitoka mlangoni, alisema kwa upole kwamba angependa kuthibitisha kwa mpishi. Akagonga kengele.

Niliingia nikifuta mikono. Bwana Haddow alinisemesha kwa kile Kiswahili ambacho maofisa hufanyia mtihani.

"Ewe mpishi, watokea wapi kwenu?"

Nikamwambia Butere. Akawageukia wenyeji wake kuonyesha kwamba alijua. Kisha akaniuliza, akinyoosha kidole kimoja juu, kama ni kweli kwamba kwa mila za wazee wetu aliyepewa imondo humchukua na ndege aliyebaki.

 Bwana Tunstall alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu anayezama, na Memsahib kwa macho yale yale ya kutazama mikono. Mfukoni barua ya Lornah ilikuwa ikigusa nyonga yangu. Nikawaza baba yangu, aliyenifundisha nani anakula nini, na nikamwomba radhi.

"Ni kweli, Bwana Mkubwa," nikasema. "Pamoja na mifupa."

Bwana Haddow alipiga meza kwa furaha. Pamoja na mifupa, akawarudishia kwa Kiingereza, hilo alikuwa amelisahau.

Nilimfunga mwenyewe. Nilipanga mbavu chini zimpe kifua, nikaegemeza paja, nikazungusha karatasi ya Krismasi yenye mapambo na utepe mwekundu, na kifurushi kikatoka kinene kama ndege wa ratili kumi. Odero akakipeleka kwenye gari akikibeba kwa mikono miwili. Memsahib alisimama barazani na kupunga mkono mpaka gari likapotea kwenye kona. Jioni ile Bwana Haddow alipokifungua alikuta nini na alifikiri nini, sijui. Ninachojua ni kwamba cheo Bwana Tunstall alikipata mwezi wa pili, na kwamba mkubwa yule aliandika makala katika gazeti moja kuhusu mila ya imondo na mifupa, ikasifiwa.

Memsahib alirudi jikoni. Mizani ilikuwa mezani, sahani yake tupu, sindano imelala kwenye sifuri. Akaitazama muda mrefu. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba ndege amekwisha.

 Katika chumba cha kulia Bwana alikuwa akiimba, jambo ambalo halijawahi kutokea, na nadhani alimsikia. Alichukua kalamu, akaandika ruhusa yangu, akatia sahihi. Aliponipa karatasi alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza ninavyokumbuka, akaniambia nimsalimie binti. Kisha akaenda ukutani, akasimama na penseli mbele ya siku ya tano, asijue aandike nini.

Nilifika Butere Ijumaa jua likiwa bado juu. Jumamosi nilimshika Lornah mkono kutoka mlango wa kanisa mpaka kwa mchungaji. Alinishika kwa nguvu kiasi kwamba vidole viliniuma, na sikutaka aviachie. Hezekiah alikuwa safu ya pili, amevaa koti jipya aliloshona kwa ajili ya nafasi yangu.

Baadaye tukakaa mezani uani. Nikakaa kiti cha baba. Wakwe wakaleta kuku wa baba wa bibi harusi, jogoo mwekundu, na imondo katika sahani ya peke yake. Watu wakageuka waone mwenye mji anakula. Peres alikuwa amesimama na sufuria nyuma ya wanawake, Phoebe kando yake na mtoto mgongoni, mtoto ambaye nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza. Niliitazama imondo ile niliyoikimbilia kutoka Nairobi, na nikaona kwamba Mzungu mmoja, akiwa amejaza mdomo, amewapa watu wetu mila mpya kabla ya kahawa, na mimi nimeitikia. Kama mila inatengenezwa kwa wepesi huo Westlands, mimi nashindwaje nyumbani kwangu?

Nikachukua kisu nikaikata vipande vitatu. Nikamwita Lornah nikampa cha kwanza. Nikamwita Phoebe, nikampa cha pili, nikamwambia hiki ni cha miaka miwili iliyopita. Cha tatu nilisimama nikampelekea Peres mpaka pale alipokuwa na sufuria yake.

Manung'uniko yakapita mezani. Hezekiah akainuka.

"Desturi hii umeitoa wapi, ndugu yangu?"

"Nairobi," nikamwambia. "Kuna Bwana Mkubwa wa serikali anaijua vizuri. Kuliko sisi."

Akakaa. Nani abishane na serikali wakati ule? Phoebe alikuwa analia huku anatafuna. Peres alitafuna polepole, akiangalia mbali, kama mtu anayelinganisha kitu na kile alichokuwa akikidhania. Nikamuuliza ikoje.

"Ngumu," akasema. "Ndiyo hii mliyokuwa mnatuficha?"

Nikarudi kwenye kiti changu nikalamba mafuta ya kisu. Sahani ya imondo ilikuwa nyeupe, haikubaki hata punje.